Mtume Aliyepigiwa Makofi

Mwaka ambao Mzee Zenon alitajwa kuwa mtume, mvua ilinyesha Sumbawanga mpaka vyura wakaanza kutafuta mahali pakavu. Hilo la vyura alilisema yeye mwenyewe, na mtu aliyeendesha greda miaka thelathini na moja ana haki ya kusema apendavyo kuhusu matope. Ndiye huyohuyo aliyesimulia kwamba aliwahi kulipandisha greda mlima wa Lyamba lya Mfipa kinyumenyume, kikombe cha chai kikiwa juu ya boneti, na chai haikumwagika ila tone moja, tena hilo aliliangusha yeye alipokuwa anakunywa.

Utume wenyewe ulikuwa hivi. Kila Jumapili ya kwanza ya Kwaresima, katekista Vicent husoma majina ya wazee kumi na wawili watakaokaa mbele ya kanisa siku ya Alhamisi Kuu, wakavua viatu, na paroko akawaosha miguu kama Bwana alivyowaosha wanafunzi wake. Zenon alilisubiri jina lake miaka kumi na minne. Mara mbili alirukwa kwa sababu alikuwa safarini na greda. Mara moja alirukwa kwa sababu ya maneno aliyoyasema kuhusu mabati ya nyumba ya mapadre. Mara nyingine zote alirukwa bila sababu, na hizo ndizo zilizomuuma. Mwaka huu jina lake lilisomwa la saba. Baada ya la kumi na mbili likasomwa moja zaidi, la akiba, kwa kuwa wazee hufa hovyo wakati wa mvua: jirani yake Leonsi, fundi baiskeli mstaafu.

Shida ni kwamba mtume wa saba alikuwa anajikuna.

Mambo yalianzia Kaoze, bondeni, mwanzoni mwa Januari. Kulikuwa na msiba, na Zenon na Leonsi walishuka pamoja nyuma ya pikapu kwenda kuzika. Wafiwa walikuwa na waombolezaji wengi kuliko mablanketi. Siku nne wazee wale wawili walilala mkeka mmoja, chini ya blanketi moja la kijivu lililokuwa limehudhuria misiba mingi kuliko katekista. Walirudi Milanzi, mtaani kwao, kila mmoja na mchele wake wa bondeni, debe moja, na mzigo mwingine ambao haukuhitaji kubebwa.

Mwisho wa mwezi Zenon akaanza kuwashwa. Katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono, kiunoni pale mkanda unapokaa, chini kwenye vifundo vya miguu. Alijikuna mpaka kuku wa jirani wakaja kutazama ni nini kinachochimbuliwa. Wiki mbili baadaye mkewe, Asnath, naye akaanza. Asnath si mtu wa kuzunguka jambo. Alikwenda zahanati, akaambiwa ni upele, ule wa vidudu wanaochimba chini ya ngozi, akarudi na chupa mbili za dawa nyeupe kama maziwa. Wakapaka wote wawili kuanzia shingoni mpaka nyayoni, siku tatu mfululizo kama walivyoelekezwa. Asnath akachemsha mashuka, akapiga pasi ya mkaa kila kilichoweza kuvumilia pasi, na kisichoweza akakifunga kwenye mfuko wa nailoni wiki nzima. Jua lilipochungulia siku moja akaanika mablanketi yote kwenye ua. Ua ule uko kando ya njia ya kwenda kanisani. Kabla ya misa ya pili Milanzi nzima ilikuwa na habari.

Leonsi alipoulizwa kwa upole kama naye anawashwa, alijibu kwamba damu yake ni chungu, hata mbu humwonja wakatema.

Asnath alipona. Zenon hakupona, au ndivyo alivyoamini. Tangu utotoni alikuwa na ngozi ya ugomvi. Wengine huiita pumu ya ngozi. Ilikuwa ikimtembelea kila kipupwe kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, ikakaa wiki kadhaa, ikaondoka bila kuaga. Hakuifikiria. Alichokifikiria ni kwamba mwasho umebaki, na hesabu yake ilikuwa nyepesi: panapowasha pana mdudu, na penye mdudu papakwe dawa. Chupa ilipoisha akanunua nyingine duka la dawa, kisha nyingine tena. Alipaka kila siku. Kabla ya kupaka alioga maji ya kunyonyolea kuku, kwa sabuni ya mche iliyoongezwa magadi, akijisugua kwa dodoki kama anayefua turubai. Dawa ilipoingia kwenye michubuko aliona nyota mchana, na hilo lilimridhisha. Dawa isiyouma, alimwambia mkewe, ni maziwa.

"Mimi yangu haikuniuma, nikapona," alisema Asnath.

"Wako walikuwa wanawake," alisema Zenon. "Wangu ni madume."

Ndipo makofi yalipoanza.

Wafipa wa zamani walisalimiana kwa makofi. Mtu alichuchumaa kidogo, akakutanisha viganja, akapiga polepole, na aliyesalimiwa akajibu vivyo hivyo. Mjini salamu hiyo imebaki kwa mabibi wachache na wageni wanaotoka vijijini. Wengine hupeana mikono, na vijana hugonganisha ngumi wakaulizana mambo, wakajibiana poa, wakapita. Lakini wiki ileile alipotajwa kuwa mtume, Zenon aliona mabadiliko. Mama muuza dagaa alipomwona aliweka kisado chini, akachuchumaa, akapiga makofi. Fundi cherehani aliinuka kwenye mashine yake, akapiga makofi. Vijana wa bodaboda pale njia panda, ambao siku zote walimpa mkono mmoja huku wa pili ukitafuta simu, walishuka kwenye pikipiki zao wote wanne, wakachuchumaa kwenye tope, wakapiga kwa mpango kama wanakwaya. Leonsi ndiye aliyewazidi wote. Alipiga makofi akiwa bado ng'ambo ya barabara, mikono ya sweta lake ikiwa imemfika kwenye kucha.

Zenon alipokea. Alijibu makofi kwa makofi, akatembea polepole zaidi ili wapate nafasi. Nyumbani alimweleza Asnath kwamba utume una uzito wake, na kwamba watu, ukiwapa mfano, hurudi kwenye mila bila kulazimishwa. Kwenye jumuiya ndogo ndogo, ibada ilipokwisha, aliomba dakika mbili, akatumia ishirini. Alisifu kizazi kipya. Alisema alidhani atakufa kabla hajaiona salamu ya babu zake ikirudi Milanzi, na sasa ameiona, tena kwa macho yake. Wanajumuiya walitazamana, kisha wakapiga makofi.

Asnath alimtazama mumewe kwa muda mrefu siku ile. Alikuwa na jambo la kumwambia. Aliona heri kwanza ale.

Wiki ya tatu ya Kwaresima Vicent alikuja nyumbani. Katekista ni mtu mpole, na mpole akiwa na habari mbaya huanza mbali. Alianza na mahindi, akapita kwenye ulezi, akauliza habari za binti yao Monika aliyeolewa Kaengesa, ndipo akafika kwenye taulo. Taulo la Alhamisi Kuu, alisema, ni moja. Paroko huosha mguu, huufuta, huhamia mguu mwingine, taulo lilelile. Baadhi ya mitume walikuwa wamemfuata wakamuuliza kama namba saba hawezi kuwa namba kumi na mbili. Wengine waliuliza kama mtume wa akiba yupo kwa ajili ya nini. Yeye Vicent hana neno, lakini kamati itakaa Jumapili ya Matawi, na ingekuwa vizuri mzee apate karatasi ya zahanati.

Zenon alimsikiliza akiwa amekalia mikono yake miwili ili isijikune. Vicent alipoondoka, alichuchumaa mlangoni, akapiga makofi.

Kesho yake Zenon alikwenda zahanati, amevaa shati la mikono mirefu na koti juu. Tabibu aliyekuwa zamu aliitwa Edith, mwanamke wa umri wa Monika, mwenye tochi ndogo shingoni kama refa na filimbi. Alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akamwambia mzee avue koti na shati. Kisha akauchukua mkono wake wa kulia kwa mikono yake miwili, akautandaza vidole, akamulika katikati yake, kimoja kimoja. Akaugeuza. Akapapasa kifundo. Akauchukua wa kushoto.

Zenon alikuwa ameandaa hadithi ya siafu wa Kaoze, wakubwa kama njiti za kiberiti. Hadithi ikamtoka kichwani. Aliitazama mikono ya tabibu.

"Mbona unanishika?" aliuliza.

"Nitakuonaje bila kukushika, mzee? Kwani wengine hawakushiki?"

Zenon alikuwa anarudi nyuma, siku baada ya siku, kama mtu anayetafuta mahali alipoangusha funguo. Mama muuza dagaa. Fundi cherehani. Wale wanne kwenye tope. Jumuiya nzima. Vicent mlangoni. Aliwapitia wote, na kote alikopita hapakuwa na mkono. Wa mwisho kumpa mkono alikuwa karani wa pensheni, mwezi uliopita.

"Hawanishiki," alisema. "Wananipigia makofi."

Edith, ambaye mama yake ni Mfipa wa Kaengesa, alielewa, akauma mdomo. Kisha akamwambia alichokiona. Katikati ya vidole hapakuwa na kijia hata kimoja. Mdudu wa upele akiwa hai huacha kijia chembamba, kilichopinda, kama njia ya mchwa juu ya ukuta, na kwenye ncha yake kitone. Hapa hakuna. Nyumbani nani mwingine anawashwa? Hakuna. Basi wadudu walikufa zamani, tangu zile siku tatu za kwanza. Akamuuliza dawa amepaka mara ngapi. Zenon akasema siku ishirini na sita, kwa fahari kidogo.

"Siku ishirini na sita," alisema Edith. "Sasa mzee, wadudu walimaliza kukula zamani. Anayekula sasa ni dawa."

Akamweleza. Wadudu wakifa, mizoga yao hubaki chini ya ngozi mpaka ngozi ijichubue yenyewe, na mwili huendelea kugombana nayo wiki mbili, tatu, hata nne.

"Wewe ulikwenda msibani, si ndiyo? Maiti ikizikwa, waombolezaji huondoka saa hiyohiyo?"

"Hawaondoki. Wanangoja wali."

"Basi ngozi yako iko matangani. Usiwafukuze watu kwa fimbo. Wataondoka."

Kwa ngozi ya kawaida, alisema, ingekuwa imekwisha. Lakini yake ina pumu tangu utotoni, ukuta wake una nyufa, na yeye ameumwagia maji ya moto, magadi na dawa kali, akausugua kwa dodoki juu yake. Wekundu ule wa viwiko na vifundo vya miguu haukuwa upele. Ilikuwa pumu ya ngozi iliyochokozwa.

Zenon alitoka zahanati na karatasi, tyubu ndogo ya dawa ya kupaka, vidonge vya kupunguza mwasho, na masharti. Njiani mama muuza dagaa aliweka kisado chini, akapiga makofi. Alijibu kama kawaida. Hakutembea polepole.

Masharti aliyasimamia Asnath. Dodoki lilihamia jikoni siku hiyohiyo, likawa la kusugulia masufuria. Maji ya kuoga yakawa ya uvuguvugu, na muda wa kuoga ukawa wa kusali Baba Yetu mara tatu bila kukokota. Sabuni ya mche ikarudi kwenye nguo. Mwilini ikaja sabuni laini isiyo na harufu, kidogo, kwenye makwapa na panapohitaji. Kujifuta ikawa ni kubonyezabonyeza kwa kanga kuukuu, bila kusugua. Na kabla ngozi haijakauka, mafuta ya mgando, mengi, toka shingoni mpaka vidoleni, mara mbili kwa siku na zaidi pakikauka. Ya tyubu yalikuwa ya sehemu nyekundu tu, siku saba basi, tena membamba. Edith alisema membamba mara mbili, na Asnath akatafsiri: kama unavyompakia siagi mgeni usiyempenda. Kucha zilikatwa. Sweta la sufi halikugusa tena mwili bila shati la pamba ndani yake. Pakiwasha, kitambaa cha maji baridi kinabonyezwa hapo mpaka hamu ipite. Na kikitokea kijia kipya, au Asnath akianza tena, warudi zahanati, wasiende duka la dawa.

"Na chupa hii?" Zenon aliuliza, akishika ile dawa nyeupe, ya mwisho, ambayo hata kizibo hakijafunguliwa.

"Iweke mbali nami nisikuone nayo," alisema Asnath. "Na tena, baba Monika, ile hotuba yako ya mila usiirudie."

"Ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa unafurahi. Hujafurahi hivyo tangu walipokunyang'anya greda."

Ngozi haina haraka ya Pasaka. Wiki ya kwanza wekundu ulififia, lakini mwasho ulimtembelea kila jua likizama, kama mtu anayedai ukoo. Wiki ya pili vifundo vya miguu viliacha kutoa majimaji, vikafanya magamba, magamba yakaanza kudondoka. Zenon alikuwa anang'aa kwa mafuta kiasi kwamba nzi waliotua juu yake waliteleza, kwa maelezo yake, na mmoja alivunjika mguu. Barabarani makofi yaliendelea. Alichojifunza katika siku hizo ni kuyasikiliza. Makofi ya heshima hupigwa kwa viganja vilivyokunjwa kidogo, hutoa sauti nzito kama ngoma ya mbali. Yale aliyokuwa akipigiwa yalikuwa makavu, ya haraka, kama mtu anayekung'uta vumbi.

Jumapili ya Matawi, baada ya misa, kamati ilikaa kwenye ukumbi wa parokia. Alikuwepo Vicent, wazee wanne wa kamati, Zenon kama mshitakiwa ingawa hakuna aliyemwita hivyo, na Leonsi kama mtume wa akiba. Leonsi alikuja amejiandaa. Viatu vyake vilipigwa rangi mpaka soli. Inasemekana miguu aliiosha siku hiyo mara tatu ikiwa kamati itahitaji kuiona.

Vicent alisoma karatasi. Iliandikwa kwa mwandiko unaosomeka, jambo lililowashangaza wazee: huyu hana upele, alitibiwa akapona, anachobakiwa nacho ni pumu ya ngozi, na pumu ya ngozi haiambukizi kwa mkono, kwa maji wala kwa taulo. Wazee wa kamati walianza kuitikia kwa vichwa. Zenon, ambaye tangu Injili ya Mateso alikuwa amevumilia mwasho nyuma ya goti la kushoto, aliona mambo yanakwenda vizuri, akalegea. Na mkono, ukiona mwenyewe amelegea, ukashuka ukakuna. Mara moja tu, na krr yake ikasikika ukumbi mzima.

"Karatasi nimeisikia," alisema Leonsi, akiinuka. "Karatasi haijikuni. Huyu anajikuna. Mimi simchukii jirani yangu, lakini taulo ni moja na miguu ni kumi na miwili." Akanyoosha mkono kumwonyesha Zenon, ili pasiwe na mtu wa kukosea ni nani anayesemwa.

Mkono wa sweta ulirudi nyuma. Mwanga wa dirishani ukauangukia mkono ulionyooshwa, vidole vikiwa vimeachana. Zenon aliviangalia vidole vile kwa utulivu wa mtu anayekagua barabara. Katikati ya cha shahada na cha kati palikuwa na kijia chembamba, kilichopinda. Kingine kwenye kifundo. Kingine. Ilikuwa kama ramani ya wilaya. Akalielewa sweta lile, na yale makofi ya ng'ambo ya barabara, ambayo sasa alikumbuka kwamba Leonsi hakumpigia yeye peke yake. Alimpigia kila mtu.

Neno lilimfika Zenon kinywani, likakaa kwenye ulimi. Lilikuwa tamu. Lakini greda humfundisha mtu kuangalia mbele kabla ya kushusha bledi ya kukwangulia barabara. Akilisema, watakumbuka blanketi la Kaoze lilikuwa moja, na karatasi yake itapauka. Hiyo ilikuwa sababu ya kwanza. Ya pili ilimjia taratibu, naye hakuipenda sana: kesho yake Milanzi nzima itamchuchumalia Leonsi, na Leonsi hana mke wa kumficha ukweli mpaka ashibe. Alikuwa mgane.

"Naomba niseme na jirani nje," alisema. "Dakika mbili."

Vicent, aliyezijua dakika zake mbili, alisita, akaruhusu.

Nje walisimama chini ya upenu, mvua ikianza. Zenon aliingiza mkono kwenye koti, akatoa chupa. Asnath alikuwa amesema iwekwe mbali naye, na mfukoni mwa koti, kwa hesabu za Zenon, ni mbali na Asnath.

Leonsi aliitambua. Akavuta mkono wa sweta ukarudi kwenye kucha.

"Damu yangu ni chungu," alisema, kwa sauti ndogo.

"Wameizoea. Kaoze tulilala blanketi moja, bwana."

Leonsi alitazama matone yakidondoka. Akasema kwamba amekuwa akijipaka oili chafu ya baiskeli. Zenon akamuuliza ikoje. Akasema inaunguza, na wadudu wenyewe bado wanatembea, tena anahisi sasa wanatembea bila kelele.

"Sikiliza. Shingoni mpaka nyayoni, katikati ya vidole, chini ya kucha, kila kona. Siku tatu. Ya nne oga, chemsha nguo, funga blanketi kwenye nailoni. Halafu nenda kwa yule tabibu mwenye tochi akutazame. Na ukiona bado unawashwa, usirudie. Mimi nilirudia siku ishirini na sita. Nitazame."

Leonsi alimtazama. Zenon alikuwa anang'aa kama sufuria jipya.

"Utawaambia?"

"Niwaambie nini? Karatasi haijikuni."

Leonsi aliichukua chupa kwa ncha za vidole, pasipo mikono kugusana, akaificha kwenye sweta. Wakaingia ndani. Leonsi akaiambia kamati kwamba ametafakari, karatasi ya tabibu inatosha, na yeye mwenyewe anaomba afutwe kwenye akiba kwa kuwa ana shughuli. Wazee wa kamati waliona mapatano ya haraka namna ile si ya kawaida, wakayahesabu kama tunda la Kwaresima. Vicent akaandika.

Alhamisi Kuu kanisa lilijaa mpaka milangoni. Mitume walikaa nusu duara, wamevua mguu wa kulia, soksi zimekunjwa ndani ya viatu. Mguu wa Zenon haukuwa mzuri. Ulikuwa na madoa meusi palipokuwa na vidonda na magamba mawili matatu yaliyokataa kuondoka, lakini ulikuwa mzima, mkavu, umefunga. Asnath aliupaka mafuta ya mgando asubuhi. Zenon aliurudia adhuhuri. Nyuma ya kanisa, kabla ya kuingia, aliona si vibaya akiurudia tena.

Paroko alifika kwa namba sita, akamaliza, akahamia kwa saba. Akapiga magoti, akamimina maji. Maji yalijikusanya yakawa vitone, yakateleza yakaanguka kwenye beseni bila kuugusa mguu, kama kwenye mgongo wa bata. Paroko akamimina tena. Kisha akaushika mguu ili aufute, nao ukamponyoka, ukarudi sakafuni kwa kishindo kilichosikika mpaka kwa wanakwaya. Akaushika kwa mikono miwili. Ukaponyoka tena.

"Mzee," alisema paroko chini chini, bila kuinua kichwa, "umejipaka nini?"

"Masharti ya zahanati, padre."

Mara ya tatu paroko aliuzungushia taulo, akaukumbatia kifuani kama mtoto, akaubusu. Alipoinuka, mdomo wake ulikuwa unang'aa. Taulo lilikwenda kwa namba nane likiwa na mafuta ya kumtosha, na kwa namba tisa. Inasemekana mitume wote waliobaki hawakupasuka nyayo mwaka ule mzima, ila hilo lilisemwa na mtume wa saba, na halina karatasi.

Wakati wa kupeana amani ulipofika, mitume walisimama. Namba sita alimgeukia Zenon, akaanza kuchuchumaa, viganja vikakutana. Safu ya pili, Leonsi alikuwa amekaa nyuma ya Zenon tu, amevaa shati la mikono mifupi. Vijia vilikuwa vimekauka. Siku tatu zilikwisha siku iliyotangulia, na tabibu alikuwa amemtazama asubuhi, akamwambia kilichobaki ni matanga. Alikuwa anawashwa kupita kiasi, na alikuwa haruhusiwi kurudia dawa. Naye alikwisha kunyanyua viganja, kwa mazoea.

Zenon alimpita namba sita, akageuka nyuma, akanyoosha mkono. Leonsi alipiga kofi la kwanza. Mkono ulikuwa palepale. La pili halikufika. Viganja vilisimama hewani, kisha kimoja kikashuka, kikaushika mkono wa Zenon. Walishikana muda mrefu kuliko liturujia inavyotaka, kwa sababu kulikuwa na mafuta na kila mmoja alikuwa anatafuta mahali pa kukamata. Namba sita akaona, akanyoosha wa kwake. Kisha Vicent. Leonsi alijifuta kiganja kwenye suruali, akajikuna kifundo, akaimba.

Bibi mmoja wa benchi la mbele, aliyetoka kijijini kuja kusali Pasaka kwa mwanawe, na aliyefurahi wiki nzima kuona watu wa Milanzi wanavyosalimiana, alitikisa kichwa. Alimwambia mkwewe kwamba mila ilikuwa imesharudi vizuri, na sasa wazee haohao wameanza kuipoteza tena.